Ngumi Uliyoniwekea Kichwani

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya Mama Neema ambaye ndiye serikali ya nyumba hii, napenda kukutangazia rasmi kwamba kucha za mkono wa kulia wa mwanao wa pili zimekatwa. Zoezi hilo lilifanyika barazani kwetu hapa Bunju, mchana kweupe, mbele ya mkweo, mjukuu wako Neema, na jogoo wa jirani ambaye hakualikwa. Hapakuwa na majeruhi. Mkasi umerudishwa mahali pake na wananchi wameendelea na shughuli zao za kujenga taifa.

Ungekuwepo ungeniuliza, “Ndiyo habari ya kuniamshia hiyo?” Nivumilie kidogo, Baba. Kucha hizo zina habari ndefu, na ndani yake umo wewe.

Naandika kwa kidole kimoja cha kushoto, kwenye simu, kwa mwendo wa kinyonga mwenye malaria. Mkono wa kulia umeurithi ugonjwa wako. Kiharusi kilinikuta ubaoni, nikiwafundisha watoto eneo la duara. Chaki ikaanguka, nikainama kuiokota, nikabaki huko huko chini. Darasa zima likacheka, na siwalaumu, mwalimu wao ana historia ya vituko. “Mwalimu, amka bwana, kengele bado!” Waliacha kucheka walipoona mdomo umeenda upande. Maneno yangu yalipotea, kisha yakaanza kurudi moja moja kama kuku wanaorudi bandani. Ya kwako hayakurudi. Hilo nalijua, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Unaukumbuka mkono wako ulivyokuwa? Mie naukumbuka kwa kichwa, maana ndicho kilichofahamiana nao zaidi. Tukiwa Kurasini, kwenye ile nyumba nyuma ya yadi ya makontena, ulikuwa ukirudi bandarini na kalamu yako mfukoni, ukikaa, ukiomba madaftari yetu. Mwandiko mbaya, konzi. Hesabu bila kazi kuonyeshwa, konzi. Kaka Eliamini alijua kuinama kwa wakati. Mie kichwa changu kilikuwa kinasubiri pale pale, kama mlango uliozoea mgeni. Na ukishamaliza, mkono ule ule ulichukua chungwa ukalimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, ukaniangikia ganda shingoni. “Haya, mkufu wako. Nenda kacheze.” Nilikuwa nafuta machozi na mkufu nimeuvaa.

Kisha kulikuwa na ile desturi uliyotoka nayo Upare. Mtoto wa kwetu haondoki kwenda kuishi mbali mpaka apige magoti na baba amwekee mkono wa kulia kichwani. Babu alikuwekea wewe. Wewe ukamwekea Kaka Eliamini alipopata kazi Mwanza, na nakumbuka nilivyokuwa mlangoni nikikutazama. Mkono wako ulimfunika kichwa chote kama kofia. Nikajiambia, zamu yangu inakuja.

Zamu yangu ilikuja na wewe ukiwa umeshaanguka. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha Sumbawanga. Upande wako wa kulia ulikuwa umepooza na ulimi umefungwa, ukawa unatutazama tu kwa macho yale makubwa. Mama alikuvalisha shati jeupe. Shangazi Nakijwa, dada yako, alikaa kwenye kiti cha mkono kama hakimu. Nje malori yalikuwa yakipiga honi kuingia yadini.

Nikapiga magoti. Mama akaunyanyua mkono wako. Ulikuwa umefumba, kidole gumba kimezama ndani. Mama akajaribu kuunyoosha, ukakaza. Akavuta, ukakaza zaidi. Akavuta kwa nguvu mpaka na kiwiko kikajikunja. Mwishowe akauweka vilevile ulivyo. Ngumi yako ikatua utosini kwangu, pale pale penye makazi ya konzi. Ilikuwa nzito. Ilitetemeka. Haikuondoka haraka.

“Haa!” Shangazi akasema. “Kaka kamfumbia huyu mtoto.”

“Nakijwa, mdomo huo!” Mama akamkemea.

“Mie nasema nilichokiona, wifi. Eliamini alipewa mkono, huyu kapewa ngumi. Mnataka nifumbe na macho?”

Basi, Baba, toka siku ile nimeishi na ngumi. Kuku wangu walipokufa Sumbawanga, Shangazi alipiga simu: “Si unakumbuka?” Upepo ulipoezua bati la jikoni: “Si unakumbuka?” Wanafunzi wangu walipofeli hesabu sikumwambia kabisa, maana hapo hata mie ningemwamini. Nilikuwa nacheka. Nilifanya kisa chenyewe kiwe cha kuchekeshea watu misibani na harusini: jamani, wenzangu walibarikiwa, mie nilipigwa konzi ya mwisho. Watu walikuwa wanashika mbavu. Lakini nikibaki peke yangu nilikuwa najiuliza nilikukosea nini, na ulipofariki swali likabaki halina wa kulijibu. Kaka, ambaye ndiye aliyekuosha, aliniambia mkono ulifunguka wenyewe baada ya roho kutoka, na kiganjani kulikuwa na alama za kucha, nyingine vidonda. Shangazi akatoa hukumu ya rufaa: “Kamsamehe. Ila kachelewa, mtoto keshaenda.”

Sasa sikia yaliyonikuta mie. Mwanzoni mkono wangu ulikuwa kama kitambaa kilicholoa, ukiuinua unaanguka. Tukaomba. Baada ya wiki kadhaa ukaanza kushika. Kaka Eliamini alikuja, akanitia kidole chake kiganjani, vidole vyangu vikajifunga. “Kamata! Mnaona? Anakamata!” Jumuiya nzima ya kanisa ikaimba. Mama Neema akapika pilau. Shangazi akatoka Kawe na mpira aliousokota kwa soksi, akaniwekea mkononi: “Minya, baba, minya, nguvu hiyo inarudi!” Nikaminya kwa utii wa mtoto wa shule ya Jumapili. Mkandaji naye akaletwa, mama mmoja mwenye viganja kama mbao, akanikanda kwa maji ya moto sana ambayo mie upande ule nilikuwa siyasikii sawasawa, mpaka ngozi ikababuka. Alivuta vidole vyangu kama anang'oa muhogo.

Hakuna aliyeniuliza kama naweza kuachia. Nilikuwa naweza kushika, kuachia hapana. Kadiri siku zilivyokwenda, kiwiko kikajikunja, kifundo kikainama, mguu nao ukawa unakaza na kuruka ruka nikikanyaga vibaya. Kucha zikaanza kuchimba kiganja. Harufu ikaja. Asubuhi moja nikautazama mkono wangu juu ya shuka, kidole gumba kimezama ndani, nikaona nautazama wako.

Wiki ile ile Neema akaleta barua ya ajira. Bibi shamba, Katavi huko. Nyumba ikajaa vigelegele, na mie nikauficha mkono chini ya khanga.

Shangazi alipiga simu kabla sijajipanga. “Mwanangu, desturi ni mkono wa kulia. Wa kushoto hautubariki sie. Na kama ni ngumi tena, afadhali mtoto asipige magoti kabisa. Ngumi mbili katika ukoo mmoja? Hapana.”

Mwanamke huyo ana umri wa kuheshimiwa, nikamwitikia, “Sawa, Shangazi.” Kisha nikamwita Neema, nikamwambia aondoke alfajiri bila shughuli yoyote, tutaombeana kwa simu. Unamjua kwa sifa tu, hukuwahi kumwona, lakini paji la uso ni lako. Likakunjamana.

“Yaani nitoke hapa kama mpangaji aliyefukuzwa?”

“Neema, huu mkono...”

“Mie sijaomba mkono mzuri. Nimeomba wako.”

“Hujui unachokiomba. Mie nimekibeba miaka yote hii.”

Akaingia ndani, akafunga mlango kwa namna ambayo zamani zako ingemgharimu konzi. Siku mbili tatu tulikuwa tunasalimiana kwa “shikamoo” na “marahaba” tu, chumvi ikipitishwa kimya kimya mezani. Mama Neema alichoka kutuamua. Akaniambia nivae viatu.

Alinipeleka kliniki ya mazoezi tiba. Mtaalamu wake anaitwa Fatema, mtoto wa mjini kabisa, wazee wake wana duka la vitambaa na Kiswahili chake kina kasi kuliko changu. Nilitegemea atauliza habari za mkono. Akaniuliza kama napata choo vizuri, kama mkojo unaniuma, kama nina kidonda popote. Nikamwambia, dada, nimeleta mkono, mengine nimeyaacha nyumbani.

“Mwalimu, vyote vinasemezana,” akasema. “Ukiumia popote, hata usipohisi, misuli hii inakaza. Nionyeshe kiganja.” Alipofika kwenye kucha akaguna. “Huyu anajichoma mwenyewe, halafu anakaza kwa sababu amechomwa. Hapa ndipo tunaanzia.”

Kisha akafanya kitu nisichokisahau. Aliuvuta mkono wangu ghafla, ukagoma kama punda. Akauacha utulie. Akauvuta tena, safari hii polepole, polepole mpaka nikadhani amesinzia, na ule mkono ukamfuata.

“Umeona? Hiyo si nguvu iliyorudi. Wala si ukaidi. Ubongo huwa unauambia msuli kaza, halafu unauambia basi, legea. Kiharusi kimekata ile njia ya legea. Msuli umebaki unalindwa na uti wa mgongo peke yake, na uti wa mgongo ni mlinzi mwoga. Ukimshtua tu, anafunga geti.”

“Na mpira wa soksi?”

“Mpe paka auchezee.”

Nikamuuliza, Baba, kama mtu akiwa na jambo moyoni linaweza kuufunga mkono.

“Sana. Hofu, hasira, baridi, haraka. Kupiga mwayo tu utaona kiwiko kinapanda. Hata furaha.”

“Hata furaha?”

“Msuli haujui tofauti, Mwalimu. Unachojua ni kwamba kuna jambo kubwa.”

Njia nzima nilikuwa nautazama mkono wangu. Mama Neema alidhani naumizwa na bei ya bajaji.

Sitakuficha kwamba tiba yenyewe ina vituko. Daktari alinipa vidonge vya kulegeza misuli, nikalegea mpaka kope. Nililala kanisani katikati ya matangazo, nikakoroma kwa sauti ya besi, wakadhani naitikia. Alipopandisha dozi, mguu nao ukalegea nikakaa chini sebuleni kama gunia. Fatema akaeleza kwamba ule mguu ulikuwa unanisimamisha kwa kukaza kwake, kwa hiyo usiuchukie ukakamavu wote, mwingine unakubeba. Dozi ikateremshwa. Ipo pia sindano ya kuchoma kwenye msuli wenyewe, inalegeza kwa miezi kadhaa halafu inaisha nguvu. Daktari anasema tutaizungumzia. Hakuna aliyeniahidi kupona. Waliniahidi kiganja kikavu, shati livalike, na usingizi usio na maumivu. Nimegundua hizo ni ahadi kubwa.

Kazi ya kila siku alikabidhiwa Neema, kwa vile Mama Neema ana haraka ya kuzaliwa nayo. Fatema alimfundisha: unakaa upande wake, unaushika mkono chini ya kifundo, unakiinamisha kifundo ndani kwanza, hapo vidole vinapata nafasi. Halafu unasubiri. Huvuti. Unasubiri mpaka wenyewe uamue. Tukawa tunakaa barazani hivyo, baba na binti waliokuwa hawaongei, tumeshikana mkono kwa lazima ya kitabibu. Ni vigumu kununiana na mtu uliyemshika mkono, Baba. Siku ya tatu akacheka.

“Nini?”

“Unapumua kama unafukuzwa. Tulia basi, mzee.”

“Nani mzee?”

“Ona, umekaza.”

Hivyo ndivyo zile kucha zilivyokatwa, siku kiganja kilipofunguka vya kutosha kupitisha mkasi. Nilipokiona kiganja changu, cheupe, kimejikunja ngozi kama cha mtoto mchanga, nilikumbuka alama alizoziona Kaka kwenye chako. Hakuna aliyekukata kucha kwa utulivu, Baba. Sote tulikuvuta.

Sasa nikueleze ya Jumapili, siku ya kumuaga Neema, niliyoikubali baada ya kucha kukatwa, maana habari zilizokwisha kusambaa siyo zenyewe.

Ukimsikiliza Shangazi Nakijwa, na Kawe yote imemsikiliza, mkono wangu ulifunguka kama ua mbele ya watu. Kaka Eliamini anasimulia vivyo hivyo, ameongeza na mwanga kidogo dirishani. Jumuiya imetoa sadaka ya shukrani.

Asubuhi, ni kweli, ulifunguka. Neema aliulaza juu ya meza, vidole vyote vimenyooka, Mama Neema akapiga picha. Nilikunywa chai nikajiona mshindi. Kisha watu wakajaa sebuleni. Shangazi akachukua kiti cha mkono, kile kile, maana tulikihamisha Kurasini na kukileta huku. Nikakaa kama nilivyofundishwa, nyayo zote chini, mgongo umeegemea. Neema akapiga magoti.

Nikaliona kovu dogo kwenye njia ya nywele zake, alipoanguka na baiskeli yangu akiwa na miaka sita. Nikaona jinsi alivyofumba macho kwa kuniamini. Baba, sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka kukiweka kiganja kile pale.

Na mkono ukajifunga.

Niliusikia. Kidole gumba kilitangulia ndani, vingine vikakifuata kukifunika, kifundo kikainama, kiwiko kikapanda mpaka kifuani. Nikauambia legea. Kadiri nilivyouomba ndivyo ulivyokaza, mpaka ukaanza kutetemeka. Shangazi alivuta pumzi, na mie nikajua neno linalokuja, nilikuwa nalijua kwa moyo.

Neema akafumbua macho. Akauchukua mkono kama alivyofundishwa, akainamisha kifundo, akasubiri mbele ya watu wote wale kana kwamba tuko barazani na jogoo wa jirani. Vidole vikalegea kidogo, vikakaza tena. Akasubiri tena. Kisha akaninong'oneza, “Acha, Baba. Umeshafika.”

Akaiweka ngumi yangu utosini kwake. Akaifunika kwa viganja vyake viwili, vidole vyake vimetandazwa juu ya nywele. Wale waliokuwa nyuma yake waliona vidole vilivyonyooka juu ya kichwa cha binti, wakaona walichokuwa wanakililia. “Umefunguka!” Shangazi akapiga kelele, vigelegele vikapokea. Nikasema maneno yaliyokubali kutoka: “Nenda, mwanangu. Nenda nami.” Sikumsahihisha Shangazi, na kusahihisha ndiyo kazi inayonilisha.

Tunaojua ni wawili, mie na Neema, na sasa wewe. Haukufunguka. Nilikuwa ndani yake, Baba, ndiyo maana naweza kukuambia ulikuwaje. Ulijifunga kwa sababu nilimpenda sana pale pale, mbele ya watu, bila njia ya kutuma neno legea.

Nimeukumbuka upya uzito wa ngumi yako. Jinsi ilivyotetemeka. Jinsi ambavyo haikutaka kuondoka. Hukunifumbia. Kaka alibarikiwa na mkono uliotulia. Mie nilibarikiwa na vyote ulivyokuwa navyo siku ile, na ndiyo maana Mama alishindwa kuvifungua.

Neema amefika Katavi salama. Anasema kuna nyuki wengi na mtandao haba.

Pumzika, mzee wangu. Nakuaga kwa mkono wa kulia, uliofumba.

Mwanao wa pili,
yule wa mkufu wa ganda la chungwa.